Mhandisi Hakamiliki Darasani

Kila mwaka, miezi ya mwisho ifikapo, magazeti hujaa picha za vijana waliovaa majoho na kofia za pembe nne, wakiwa wamesimama kati ya baba na mama. Miongoni mwao wamo waliohitimu shahada ya uhandisi. Twawapongeza kwa moyo mweupe, na twawapongeza zaidi wazazi waliouza mahindi na ng'ombe ili ada ilipwe. Lakini furaha ya siku ile ikishapita, na joho likisharudishwa lilikoazimwa, huzuka swali ambalo leo twataka kulitazama pamoja na wasomaji wetu: kijana huyu aenda wapi siku ya pili yake, na ni nani atakayeimaliza kazi ya kumfanya awe mhandisi?

Twasema "kuimaliza kazi" kwa makusudi. Daktari kijana akitoka chuoni haachiwi wagonjwa peke yake siku hiyo hiyo. Huwekwa hospitalini mwaka mzima chini ya macho ya wakubwa zake, akishika zamu za usiku na kukosolewa, hata wao waridhike. Hakuna mzazi alalamikaye kwamba mwaka ule umepotea. Mhandisi naye ameshika roho za watu, ijapokuwa watu hao hawalali vitandani mbele yake. Paa la shule likiporomoka, waya wa umeme ukifungwa vibaya, kivuko kikizama, wafao ni wengi kuliko wale wanaoweza kufa chini ya kisu cha daktari mmoja. Basi kwa nini twamtazama mhandisi kana kwamba cheti pekee chamtosha?

Tulikotoka

Yafaa kwanza tupime tulikotoka, maana asiyejua alikoanza safari hawezi kujua amekwenda umbali gani. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake, Mwalimu Julius Nyerere alikumbusha kwamba nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilikuwa na wahandisi 2 waliofunzwa, na madaktari 12. Wahandisi wawili kwa nchi nzima, kuanzia Ziwa Viktoria hadi Mto Ruvuma! Barabara, maji, bandari, umeme na reli, vyote vilikuwa mikononi mwa wageni.

Wakati huo ilikuwapo Taasisi ya Ufundi ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1957, nayo ilifundisha mafundi na si wahandisi. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, ambako Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifungua milango yake mwaka 1956. Hata Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, kazi ziligawanywa: udaktari na kilimo vilikuwa Makerere, sheria Dar es Salaam, na uhandisi Nairobi. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika, kila nchi ikabaki na chake. Hapo ndipo Tanzania ilipoona kwamba nchi haiwezi kujijenga kwa wanasheria peke yao. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa pale Mlimani kwa msaada wa Ujerumani Magharibi.

Tangu hapo nyumba iliongezwa vyumba. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978, na cha Mbeya mwaka 1986. Taasisi ile ya mwaka 1957, ambayo wakubwa wetu bado huiita "Dar Tech", ilipandishwa mwaka 1997 ikawa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Cha Mbeya nacho kimekuwa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Mwaka 2011 Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kufundisha huko Arusha, nayo huwapokea wale wanaotafuta shahada za juu. Kwa hiyo, asemaye kwamba hatukufanya kitu hasemi kweli. Kutoka wahandisi 2 hadi maelfu ya wahandisi waliosajiliwa ni mwendo wa kujivunia.

Hata hivyo, wingi wa majoho ni jambo moja, na ukamilifu wa wahandisi ni jambo la pili.

Karakana na ubao

Siku moja tulipata nafasi ya kutembelea chuo kimoja ambacho hatutakitaja jina, kwa kuwa hali tuliyoiona huko haiko kwake tu. Tulipelekwa kwenye karakana. Jengo lilikuwa zuri, lenye sakafu iliyofagiwa vema. Tulikuta mashine za kukereza vyuma zimepangwa kwa safu, nyingi zikiwa zimefunikwa turubai. Iliyokuwa ikifanya kazi ni moja. Wanafunzi zaidi ya thelathini walikuwa wameizunguka, walio nyuma wakisimama juu ya vidole vya miguu ili waone. Mwalimu alikereza kipande cha chuma akieleza, kisha aligeuka akachora ubaoni yale ambayo walio nyuma hawakuweza kuyaona. Tulipouliza mashine nyingine zina nini, tulijibiwa kwamba moja ilikosa mkanda, ya pili ilikosa gia, na nyingine hakuna aliyekumbuka ziliugua nini.

Mwalimu yule hakuwa na kosa, wala wanafunzi hawakuwa wavivu. Mmoja wao alituambia kwa adabu kwamba alikwisha kujibu maswali ya mtihani juu ya mashine ile na akafaulu vizuri, lakini mkono wake ulikuwa bado haujagusa usukani wake. Tuliondoka tukiwa na maneno hayo moyoni. Kufaulu mtihani juu ya mashine usiyoigusa ni sawa na kujifunza kuogelea juu ya mkeka.

Walioanzisha Kitivo cha Mlimani hawakuwa wajinga wa jambo hili. Waliweka kanuni kwamba mwanafunzi, mwaka wa masomo ukiisha, aende kazini kwa majuma kadhaa, avae ovaroli, ashike nyundo na spana, aandike kila siku alichokifanya. Kanuni hiyo ingaliko hata leo. Lakini tukumbuke iliwekwa katika nchi ya namna gani. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, na kile cha zana za kilimo cha Ubungo, vilikuwa jirani ya Mlimani kiasi cha mwanafunzi kwenda kwa miguu. Mang'ula palikuwa na karakana ya mashine, na baadaye Moshi palijengwa kiwanda cha kutengeneza mashine za kukerezea. Katika miaka ya 1980 na 1990 viwanda vingi vya namna hiyo vilidhoofika, vikasimama au vikauzwa. Vyuo viliendelea kuongeza wanafunzi wakati mahali pa kuwapeleka palipokuwa pakipungua. Hivyo kanuni ilibaki kwenye karatasi, na siku hizi wako wanafunzi ambao majuma yao ya kazini huisha wakipanga mafaili na kuwachemshia wakubwa chai.

Mmoja, watano, ishirini na watano

Liko jambo la pili. Wenye kazi hii hupenda kutaja kipimo kisemacho kwamba mhandisi mmoja apaswa kuwa na mafundi sanifu 5, na mafundi wa mikono 25. Maana yake ni rahisi. Mhandisi hupiga hesabu na kuamua. Fundi sanifu huisimamia na kuipima kazi. Fundi wa mikono huchomelea, hujenga, hufunga nyaya. Mhandisi asiye na watu hao ni jemadari asiye na askari.

Lakini kwetu kila chuo cha ufundi chataka kuwa chuo kikuu, na kila kijana ataka shahada. Hatusemi vyuo visikue. Vingi vingali vikifundisha mafundi sanifu, navyo vyastahili sifa kwa hilo. Tusemalo ni kwamba twaanza kumdharau fundi sanifu kana kwamba ni mhandisi aliyeshindwa. Mzazi humwambia mwanawe, "Umefanya stashahada? Basi endelea hata upate shahada." Hamuulizi kama aipenda kazi ile, wala kama aiweza. Tukiendelea hivyo tutapata nchi yenye majemadari watano wakigombea kumwamrisha askari mmoja.

Mizizi ya jambo hili iko chini zaidi. Uhandisi hauanzii chuo kikuu. Waanzia kwenye hesabu za shule. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Robo tatu walifungiwa mlango wakiwa bado hawajajua kwamba mlango uko. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hatuwezi kumkunja akishakauka, kisha tukalaumu vyuo kwamba havikunji vizuri. Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 imetenga katika sekondari njia ya mafunzo ya amali. Twaipokea kwa mikono miwili, lakini twaonya kwamba shule ya amali isiyo na vyombo, vifaa na mwalimu aliyepata kufanya kazi hiyo mwenyewe, itakuwa ni shule ya kuandika insha juu ya nyundo.

Uzoefu wapatikana wapi?

Sasa turudi kwa kijana wetu aliyerudisha joho. Sheria haimruhusu kujiita mhandisi mtaalamu mara moja. Hujiandikisha kwanza katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha lazima afanye kazi kwa miaka ipatayo mitatu chini ya mhandisi aliyekomaa. Hiyo ni sheria njema, nayo yafanana na ile ya madaktari tuliyoitaja. Tofauti ni kwamba daktari huandaliwa hospitali ya kufanyia mwaka wake, lakini mhandisi huambiwa akajitafutie. Bodi iliona pengo hilo, na mwaka 2003 ilianzisha mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahitimu, ambao umewafaa wengi. Lakini mpango huo wahitaji fedha, na zaidi ya fedha wahitaji waajiri watakaofungua milango.

Waajiri hawaifungui. Tazama matangazo ya kazi: "Anatakiwa mhandisi mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu." Kijana akipeleka barua huambiwa hana uzoefu. Akiuliza uzoefu wapatikana wapi, huambiwa wapatikana kazini. Akiomba kazi, huambiwa hana uzoefu. Huzunguka hivyo kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, hata mwishowe huuza vocha za simu au huendesha pikipiki ya abiria. Kazi hizo ni za halali na hatuzidharau. Lakini taifa lililomsomesha kijana miaka minne kupiga hesabu za zege, kisha likamwacha auze vocha, limemwaga maji liliyoyachota mbali.

Shule kubwa kuliko zote

Hapa ndipo tufikapo kwenye neno letu hasa. Watu husema nchi yetu haina mahali pa kumfunzia mhandisi. Sisi twasema pako, tena pakubwa, ila hatupahesabu kuwa ni shule.

Katika miaka hii ya karibuni nchi imejenga kazi ambazo babu zetu wasingaliziota. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Mwaka huo huo treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Bwawa lilijengwa na makandarasi wa Misri, reli hiyo na wa Uturuki, daraja na wa China. Kazi ni njema nasi twajivunia. Wako Watanzania waliofanya kazi humo, wengine kwa bidii kubwa na kwa vyeo vya kuheshimiwa. Lakini swali letu ni hili: je, kazi hizo zilipangwa tangu mwanzo ziwe shule, au vijana walijifunza kwa bahati, kama mtoto aokotaye maneno ya wakubwa mlangoni?

Liko funzo ambalo si la kuazima mbali. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia walifanya kazi pamoja na Wachina, wakajifunza papo hapo kutoboa mahandaki, kumimina zege za madaraja na kuendesha mashine. Zaidi ya hayo, mwaka 1972 vijana wapatao 200 walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, ili masomo yao yaishe wakati reli inapoisha. Pale Mpika, nchini Zambia, kilijengwa chuo cha mafunzo ya reli hiyo. Kwa ufupi, waliopanga reli walipanga na watu wake.

Twajua reli hiyo baadaye ilipatwa na shida nyingi za vichwa vya treni, vipuri na fedha. Shida hizo hazilivunji funzo, zalitia nguvu. Kumfundisha mtu mara moja hakutoshi, kama vile kumnyonyesha mtoto siku moja kusivyotosha. Elimu ya mikono isiyolishwa kwa kazi hunyauka.

Wapo watakaosema kwamba mkandarasi ameitwa kujenga, hakuitwa kufundisha, na kwamba kumwekea vijana mia moja wasiojua kitu ni kumchelewesha. Neno hilo lina ukweli wake. Kufundisha kwagharimu. Lakini gharama hiyo na iandikwe waziwazi ndani ya zabuni, kama vile saruji na nondo ziandikwavyo. Kazi kubwa ya umma itaje idadi ya wahitimu na mafundi sanifu itakaowapokea, imtaje na mhandisi atakayewasimamia, na kila mwisho wa mwezi madaftari yao ya kazi yakaguliwe kama ukaguliwavyo unene wa lami. Mkandarasi asiyewafundisha asilipwe sehemu hiyo. Fedha itakayotumika si hasara. Hasara ni kulipa mgeni mara mbili: kwanza ajenge, kisha aje atengeneze.

Wapo pia wasemao kwamba vijana wa siku hizi waogopa kuchafua mikono. Kwa wengine ni kweli, nasi hatutawaficha. Yuko kijana ambaye akipewa kofia ngumu hujipiga picha, kisha hutafuta kivuli. Twamwambia kwa upendo wa kaka mkubwa: mafundi hukupima siku ya kwanza. Wakiona hujui kushika spana, hesabu zako hawatazisikiliza hata zikiwa sahihi. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Tena asisahau kwamba kazini lugha ni Kiswahili. Amesoma mihimili, mikazo na mikondo kwa Kiingereza tangu sekondari. Lakini msimamizi wa zege na mfunga nondo hawamngojei atafute maneno. Mwaka 1990 wataalamu wetu wa Kiswahili pale Mlimani walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, kuonyesha kwamba sayansi yaweza kusemwa kwa lugha yetu. Mhandisi asiyeweza kumweleza fundi kwa nini nondo hii ikae chini na si juu, hakulielewa jambo hilo mwenyewe kama adhanivyo.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Kabla ya kujenga jengo jipya na kulikatia utepe, turubai zile zifunuliwe, mkanda ununuliwe, gia ipatikane. Na walimu waende kazini mara kwa mara, maana aliyeiacha kazi miaka ishirini iliyopita hufundisha nchi ambayo haipo tena.

Tumalizie kwa kuwaomba wasomaji wetu watazame mbele kidogo. Mitambo 9 ya Rufiji yaunguruma leo. Lakini chuma huchoka, na mtambo hauchagui saa ya kuugua. Utafika usiku mmoja, miaka kumi au ishirini ijayo, saa nane, mtambo mmoja utakaponyamaza, taa zififie Tanga na Mwanza, na hospitali ziwashe jenereta. Mtu aliye zamu atashika simu. Ikiwa atampigia mhandisi alalaye umbali wa nusu saa, aliyekuwapo mtambo ule ulipokuwa ukifungwa na aujuaye kama mkulima ajuavyo shamba lake, tutakuwa tumejitawala. Ikiwa atapiga ng'ambo na kuambiwa asubiri hadi wataalamu wapate ndege, basi tutakuwa tumejenga bwawa tukasahau kujenga watu wake.

Kijana wa kupokea simu hiyo yuko mahali fulani hivi leo. Huenda ndiye yule aliyekuwa amesimama juu ya vidole vya miguu, nyuma ya wenzake thelathini, akijitahidi kuiona mashine. Tumsogeze mbele.